Naomba ushauri: injini ya Honda CG125 ya mzee imekwama, nataka kuifufua mwenyewe nyumbani

Seremala wa Korogwe

Wakuu, habari za leo.

Nina Honda CG125 ya baba yangu, zile za zamani za pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa plagi) na betri ya volti 6. Mzee alikuwa bwana shamba. Alipanda nayo milima ya Lushoto mpaka Mlalo, masika na kiangazi, na mimi mwenyewe nilipelekwa nayo zahanati na homa, nimekalishwa juu ya tenki, mikono yake imenizunguka. Pikipiki hii imetusomesha watoto watano.

Imelala bandani miaka 11. Siku zake za mwisho ilikuwa inatoa moshi wa bluu na mlimani haina nguvu. Fundi mmoja akatoa plagi, akaahidi kurudi, hakurudi. Tundu likabaki wazi misimu yote hiyo. Juzi nimekanyaga kiki, haishuki hata kidogo, kama nimekanyaga jiwe.

Kazi yangu ni useremala, kwa hiyo kupima na kuvumilia ninaweza, lakini injini sijawahi kufumua. Nina spana za kawaida na bisibisi basi. Naombeni mnielekeze naanzia wapi, na kipi nisithubutu kukifanyia nyumbani. Mzee sasa ana miaka 78. Macho yamepungua ila masikio yake mazima. Nataka aisikie ikiunguruma.

Spana 14

Hongera kwa nia hiyo, mkuu. Kwanza kabisa acha kiki. Ukiendelea kuikanyaga kwa nguvu utang'oa meno ya gia ya kiki, na hapo utalazimika kupasua injini yote. Kilichokamata nina hakika ni ringi, zile pete za pistoni: unyevu umeingia kwenye tundu la plagi, ringi zimeshikana kutu na ukuta wa silinda.

Changanya oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, mimina kupitia tundu la plagi. Iache siku kadhaa, uongeze kila inaposhuka. Kisha ingiza gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, litikise mbele na nyuma taratibu. Usilazimishe lizunguke, unachotafuta ni lisogee. Likisogea hata unywele mmoja, umeshinda.

Ukianza kufungua, piga picha kila hatua. Bolti za kava zichomeke kwenye kadibodi uliyochora umbo la kava lenyewe, kila moja mahali pake, maana hazilingani urefu. Ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi utapasua aluminiamu.

Jambo jingine: skrubu za kava za Wajapani zinafanana na za nyota tulizozoea, lakini mkato wake si ule. Bisibisi ya kawaida inaruka na kula kichwa cha skrubu. Nunua bisibisi ya kugonga kwa nyundo kabla ya chombo kingine chochote.

Boda Mkongwe

Kaka, nakuelewa kuhusu mzee, lakini mimi ninakula kwa pikipiki, acha nikwambie ukweli wangu. Funga injini ya Kichina. Nyingi za 125 zenye fimbo za kusukuma vavu ni nakala ya hiyo hiyo CG, kwa hiyo kuifunga kwenye fremu hakusumbui sana. Siku mbili umemaliza. Ya zamani ukiianza, utatengeneza hiki, kesho kile, mwaka unaisha.

Kadi Mkononi

Boda, ushauri wako unamfaa mtu anayetakiwa kupeleka hesabu jioni. Huyu hana hesabu ya kupeleka. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Ukibadilisha injini, TRA (mamlaka ya mapato) lazima wabadilishe kumbukumbu, vinginevyo siku ya kukaguliwa utaonekana unaendesha kitu cha wizi. Ndugu seremala, hata ikitokea kila kitu ndani kimekufa, kesi yenye namba, yaani gamba la chini la injini, usiitupe.

Na hiyo hoja ya nakala mimi naiona inamsaidia yeye. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 wakilenga nchi kama zetu, baada ya kuona huku pikipiki zinabeba mizigo mizito na matengenezo hayafanyiki kwa wakati. Ndiyo maana cheni yake imefunikwa yote isile vumbi, na ndani ya injini hakuna cheni ya kamshafti ya kulegea. Kamshafti, shafti inayofungua vavu, iko chini, inazungushwa na gia kutoka kwenye krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Wachina waliinakili kwa wingi mno, pistoni yao ni 56.5 mm ile ile. Spea zake zimejaa madukani mpaka leo.

Seremala wa Korogwe

Asanteni sana. Siku ya sita gurudumu limesogea! Nilikaa chini nikashukuru. Kufikia jioni krenki ilikuwa inazunguka.

Nimeshatoa kabureta, silensa, hedi, fimbo mbili za vavu na silinda. Ukuta wa silinda una alama mbili za kutu, ukipitisha ukucha unakwama. Pistoni imekwaruzika upande wa silensa, na ringi ya oili imeganda kwenye mfereji wake. Rafiki anayefundisha chuo cha ufundi amenipimia silinda: juu 56.64, katikati 56.60, chini 56.53. Je, nikiweka ringi mpya tu inatosha?

Fundi Kereza

Haitoshi, ndugu yangu, na nitakueleza kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza hela.

Silinda mpya ni 56.50. Ikifika 56.60 imeshafika mwisho wake. Yako imepita, na zaidi ya hapo imekuwa kama faneli, pana juu na nyembamba chini. Ringi mpya humo ndani itatanuka ikipanda na kubanwa ikishuka, kila mzunguko, maelfu ya mara kwa dakika. Itachoka upesi, oili itapita, na moshi wa bluu utarudi kabla hujamaliza lita 20 za petroli.

Inatakiwa ichongwe. Pistoni za kuongeza ukubwa zinakuja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kwa kutu inayokamata ukucha, 0.25 pengine haitaifuta yote, jiandae kwa 0.50. Lakini pistoni inunuliwe kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Pistoni mbili zilizoandikwa namba moja zinaweza kutofautiana, hasa za kopi. Nafasi kati ya pistoni na ukuta iwe kama 0.03 mm. Mtu akitaka kukuchongea bila kuishika pistoni yako na kuipima, chukua silinda yako uondoke.

Mwambie amalizie kwa jiwe la kusugulia, ukuta ubaki na mistari midogo inayokatana kama wavu. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili mpaka ringi zikae. Ukuta uking'aa kama kioo, kazi haijaisha.

Ukifika nyumbani ioshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi. Petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe, inausogeza tu. Osha mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, ukaushe, upake oili papo hapo, maana kutu hapo haisubiri kesho.

Kabla ya kuvisha ringi, iingize moja moja ndani ya silinda, isukume na pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vya kupimia mianya). Kati ya 0.15 na 0.35 mm ni salama. Ikibana zaidi, piga tupa kidogo kidogo. Ringi ikipata joto ikakosa mahali pa kutanukia, inakata silinda uliyoilipia juzi.

Wa Grogan

Niko Nairobi, nimeuza spea za pikipiki miaka mingi. Hiyo CG bado inaundwa Pakistan, kwa hiyo pistoni nzuri bado unaweza kupata. Fungua boksi hapo hapo kaunta. Pini ya pistoni ipake oili, iingie kwa kidole gumba bila kugongwa na isicheze. Gasketi ya hedi ilaze juu ya ile ya zamani, tundu kwa tundu, hasa njia ya oili. Nimeona gasketi zimeziba hiyo njia, injini mpya ikafa siku ya kwanza. Mwenye duka akikataa ufungue boksi, hama duka.

Seremala wa Korogwe

Nimenunua ya 0.50 na fundi kereza wa Tanga ameipima mbele yangu. Swali sasa: je, nipasue kesi ya chini? Kusema kweli naogopa.

Spana 14

Acha injini yenyewe ikujibu. Peleka pistoni juu, shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na uisukume chini bila kuizungusha. Isiwe na mchezo wowote. Kucheza kidogo kulia na kushoto ni kawaida yake. Kisha zungusha krenki polepole huku umeegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye kesi na mpini sikioni. Beringi yenye kutu utaisikia inasaga kama mchanga. Ikiwa kimya na konrodi imekaza, usiipasue. Ikicheza, mpelekee mtu mwenye presi, kulinganisha krenki si kazi ya nyumbani.

Hata usipopasua, fungua kava la upande wa klachi. Kwenye ncha ya krenki kuna kikombe cha chujio la oili, kinachotupa uchafu pembeni kwa kuzunguka. Watu wanabadilisha oili miaka 20 hawajui kama kipo. Utakuta tope gumu. Likwangue lote, na wavu wa oili uusafishe.

Vavu zisage na pasta kwa mkono, kisha geuza hedi, mimina petroli kwenye matundu ya kuingizia na kutolea. Ikivuja kwenye kiti cha vavu, rudia.

Wakati wa kufunga, ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa safi kabla ya kuvisha klipu za pini, na klipu ziwe mpya. Alama ya IN juu ya pistoni iangalie kabureta. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, azima huko chuoni kwa rafiki yako, nati za hedi uzikaze kwa mkingamo, kwa awamu tatu. Mwanya wa vavu zote mbili uwe 0.08 mm injini ikiwa baridi, pistoni juu na vavu zote zimefunga. Mwanya wa pointi 0.35 mm.

Oili iwe ya pikipiki, kama lita moja. Ya gari iliyoandikwa inaokoa mafuta usiweke, klachi ya CG inaogelea humo humo na itateleza.

Seremala wa Korogwe

Wakuu, imewaka.

Konrodi ilikuwa imekaza, sikupasua. Kikombe kilikuwa na tope kama la mfinyanzi. Tenki nalo lilikuwa na kutu, nimelisafisha kwa siki na kokoto ndogo. Kiki ya tisa ikapiga, ikazima, ya kumi ikakaa. Mzee alikuwa barazani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hiyo tapeti moja inalia, kapime." Nikasubiri ipoe, nikapima. Moja ilikuwa 0.15, nati ilijilegeza nilipokuwa nakaza. Nimeirekebisha, na sasa kila asubuhi ananiambia niiwashe kwanza ndipo anywe chai.

Nimetembea km 50 za mwanzo bila kuikaba wala kuichosha, nikamwaga oili, ilikuwa na unga wa kung'aa kidogo. Hii mpya nitaibadilisha ikifika 500. Limebaki tatizo moja: tone la oili linadondoka chini ya pedali ya gia, ikilala usiku asubuhi lipo.

Fundi Kereza

Unga kidogo mara ya kwanza ni ringi zinakaa, usihofu. Tone hilo ni oili sili ya shafti ya gia, mpira umekauka kwa kulala. Inatolewa kwa nje bila kufungua kava. Toa pedali, safisha pale, zungushia skrubu ndogo kwenye sili ya zamani uivute kwa koleo, skrubu isiguse shafti. Meno ya shafti yafunge kwa nailoni laini yenye oili kabla ya kupitisha sili mpya, yasikate mdomo wake. Isukume kwa soketi inayolingana nayo mpaka ilingane na kesi.