Mjadala: Je, gazeti la siku ileile ni shahidi wa kuaminika wa historia?

Hoja iliyo mezani inasema gazeti lililoandikwa siku ya tukio lina uzito kuliko kitabu kilichotungwa miaka ishirini baadaye, kwa kuwa halijapata muda wa kupotosha. Naipinga.

Kuwahi si kujua. Titanic ilipozama Aprili 1912, yapo magazeti yaliyotangaza kwamba abiria wote wameokolewa, ilhali watu wapatao 1,500 walikuwa wamekwishakufa. Mwaka 1948 Chicago Daily Tribune lilimpa Dewey urais wa Marekani, na mshindi alikuwa Truman. Wapiga chapa walikuwa wamegoma, toleo likafungwa mapema kura zikiwa bado zinahesabiwa.

Hayo ni makosa ya haraka, husahihishwa upesi. Linalonisumbua zaidi ni la 1933. Mwandishi wa habari Gareth Jones alipita kwa miguu vijijini Ukraine, wakati huo sehemu ya Muungano wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow, akaandika kwamba watu wanakufa njaa. Walter Duranty wa New York Times, aliyekuwa Moscow, akamkanusha gazetini. Waliokufa ni mamilioni. Mtafiti aliyefungua gazeti moja tu angeandika historia isiyo na njaa hiyo.

Na msiniambie dawa ni kulinganisha magazeti kumi. Mwaka 1870 mashirika ya habari ya Reuters, Havas na Wolff yaligawana dunia, kila moja na eneo lake. Magazeti kumi yanaweza kukubaliana kwa sababu yote yamenakili simu moja ya maandishi. Huyo ni shahidi mmoja.

Hata hivyo, wanaotaka magazeti yaondolewe kabisa kwenye ushahidi nao siwaungi mkono. Someni matangazo ya watumwa waliotoroka katika magazeti ya Marekani ya karne ya 18 na 19. Bwana anaahidi zawadi, kisha anamweleza mtu anayemtafuta: makovu ya mijeledi mgongoni, lugha anazozungumza, ufundi anaoujua, mahali alipo mkewe. Hakukusudia kujishtaki. Alitaka mtu huyo akamatwe, na maelezo ya uongo yangemkosesha. Ndiyo maana makovu yale nayaamini kuliko tahariri yoyote ya gazeti hilohilo. Lakini bwana huyohuyo anapoongeza kwamba mtumwa "ametoroka bila sababu yoyote", hapo simwamini hata kidogo. Tangazo ni moja, mistari miwili, na kila mstari una hukumu yake.

Kwa hiyo gazeti zima halipimwi kwa mkupuo. Kila sentensi iulizwe: aliyeiandika aliipata wapi, alinufaika nini kwa kuisema, na angepoteza nini kama ingekuwa si kweli?

Wanaotetea hoja nawaomba wajibu hili kwanza. Jones na Duranty waliandika mwaka uleule, kuhusu nchi ileile. Tarehe iliyo juu ya ukurasa itawasaidiaje kuchagua kati yao?