Mjadala: Je, kitabu kiruhusiwe kumtaja mshukiwa wa mauaji ambayo mahakama haijayatatua?

Mtoa mada:

Ndugu wasomaji, naleta mezani swali linalotuhusu sote tunaopenda vitabu vya uhalifu wa kweli. Mauaji yakipita miaka mingi bila mtu yeyote kutiwa hatiani, je, mwandishi ana haki ya kumtaja kwa jina mtu anayemshuku, na msomaji ana haki ya kukikuta kitabu hicho dukani? Msimamo wangu nautanguliza ili msipoteze muda kuutafuta. Mwandishi aruhusiwe kutaja, mradi auweke ushahidi wake hadharani na abebe dhamana ya maneno yake mahakamani. Lakini muuzaji wa vitabu asiburutwe kortini kwa sababu tu kitabu kilikuwa kwenye rafu yake.

Mfano wangu ni kesi ya Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, na tarehe 16 ikatangazwa kuwa mwili wake umepatikana karibu na kilima cha Got Alila, ukiwa umeungua na una jeraha la risasi kichwani. Mwanzoni ilielezwa kuwa huenda alijiua. Wapelelezi wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, walioongozwa na John Troon walilikataa dai hilo na kuandika ripoti yao. Tume ya Jaji Evans Gicheru ilianza kusikiliza mashahidi mwaka huo huo, na Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Waziri Nicholas Biwott na Katibu wa Kudumu Hezekiah Oyugi walikamatwa, kisha wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru, alishtakiwa. Kesi yake ikabidi ianze upya baada ya jaji kufariki, na mwaka 1994 akaachiwa huru. Kamati Teule ya Bunge chini ya Gor Sunguh ilianza upya mwaka 2003, lakini ripoti yake ilipofikishwa Bungeni mwaka 2010 wabunge waliikataa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Kwa hiyo, raia wa kawaida anayetaka kujua kilichotokea Koru hana hukumu ya kusoma, hana ripoti ya tume iliyokamilika, na ya Bunge aliyonayo ni ile iliyokataliwa. Amebaki na vitabu. Anguka mwenyewe aliandika chake mwaka 1998 ili ajieleze. Mwanapatholojia wa Uingereza Dkt. Iain West, ambaye aliufanyia uchunguzi mwili wa marehemu, aliizungumzia kesi hiyo katika kitabu alichokiandika pamoja na mwandishi wa habari Chester Stern. Biwott, ambaye siku zote alikana kuhusika na hakuwahi kutiwa hatiani, alikwenda mahakamani, na mwaka 2000 akapewa fidia ya shilingi milioni 30 dhidi ya waandishi hao. Waliouza kitabu nao walishtakiwa.

Sipingi haki ya mtu kwenda mahakamani kulinda jina lake. Ninachokipinga ni hofu iliyoachwa nyuma. Mwaka 2009, Michela Wrong alipochapisha kitabu chake kuhusu ufisadi nchini Kenya, maduka mengi ya Nairobi hayakuthubutu kukiweka, na wasomaji wakakipata kwa njia za pembeni, yakiwemo makanisa na wachuuzi wa barabarani. Hicho hakikuwa hata kitabu cha mauaji. Ingia leo katika duka kubwa la vitabu jijini, simama mbele ya rafu ya vitabu vya uhalifu, na utakuta wauaji wa London, wa Stockholm na wa Chicago wamejaa tele, huku mauaji yaliyoitikisa nchi yako mwenyewe huyaoni. Tunajua kwa undani namna polisi wa nchi za mbali walivyochunguza nyayo kwenye theluji, lakini hatujui mashahidi wa Koru walisema nini.

Mchangiaji wa kwanza, wakili:

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa kuieleza kesi kwa uangalifu, lakini nadhani umelipita haraka jambo zito kuliko yote. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka 2010, ile ile inayotupa uhuru wa kujieleza, inamtaka kila mtu anapoutumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Mtu anayetajwa kitabuni kuwa muuaji hana wakili ndani ya kitabu hicho, hamhoji shahidi, wala hakuna jaji wa kumwambia mwandishi kwamba maneno ya kusikia kwa mtu mwingine si ushahidi. Mahakama inadai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Kitabu kinadai tu msomaji aendelee kufungua kurasa.

Tena hata mahakama, pamoja na kanuni zake zote, imetuachia mashaka. Mbunge Pio Gama Pinto alipouawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965, Kisilu Mutua alihukumiwa akiwa kijana na hakutoka gerezani hadi mwaka 2001, akisisitiza muda wote kuwa hakuua, na wengi wanaamini waliopanga mauaji yale hawakuguswa kamwe. Ikiwa chombo chenye viapo na majaji kinaweza kutuacha na shaka ya namna hiyo, mwandishi mmoja mwenye daftari lake atatuhakikishia nini? Na Anguka je? Mahakama ilimwachia huru, lakini kila kitabu kipya kinachomtaja kinamrudisha kizimbani, safari hii mbele ya majaji wasiohesabika ambao hawajasikia upande wake.

Kuhusu wauzaji, sheria tuliyorithi haimwachi muuzaji bila kinga kabisa, kwa sababu anaweza kujitetea kwamba hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwamba kitabu kina maneno ya kumharibia mtu jina.

Mchangiaji wa pili, muuza vitabu:

Mheshimiwa wakili, kinga unayoitaja ipo kwenye karatasi, nami nitaeleza inavyoonekana kutoka nyuma ya kaunta. Barua ya wakili inafika dukani ikieleza kwamba kitabu fulani, ukurasa fulani, kinamchafua mteja wake. Kuanzia dakika hiyo siwezi tena kusema sikujua. Sina uwezo wa kupima kama maneno ya ukurasa ule ni ya kweli, kwa kuwa sikumhoji shahidi yeyote, na mwandishi yuko nchi nyingine. Kitabu kinaniletea faida ya shilingi mia chache, ilhali kumlipa wakili wa kunitetea kunaweza kumaliza duka zima. Nakitoa kwenye rafu, nakirudisha kwenye katoni, na mwagizaji anaelezwa asilete tena. Hakuna jaji aliyeamua lolote, na kitabu kimekwisha kufa.

Anayekuja kukiuliza huinama, hushusha sauti, huuliza kama tunacho "kile cha Ouko". Namjibu kuwa hakipo. Baada ya muda namwona anasoma nakala iliyorudufiwa vibaya, ambayo nusu ya herufi zimefutika, aliyoinunua mtaani. Tafadhali mtueleze ni jina la nani lililolindwa hapo.

Mchangiaji wa tatu, msomaji kutoka Kisumu:

Naomba jambo moja lisisahaulike. Tunapozibishania kesi hizi kama vitendawili, kuna mjane, kuna watoto, kuna jamaa wanaokutana na picha ya mwili wa mtu wao kila anapotokea mwandishi mpya. Kwa mtazamo wangu, swali la kwanza kabla ya kununua kitabu liwe kama kimeongeza ushahidi wowote, au kimepasha moto minong'ono ya jana.

Mtoa mada:

Nashukuru kwa michango. Nianze na dada wa Kisumu, kwa sababu kipimo chake ndicho ninachotaka kukitumia kumjibu wakili. Chukua jambo moja dogo katika kesi hii. Mbele ya tume ulitolewa ushahidi kwamba mvulana mchungaji aliuona mwili tarehe 13 Februari, yaani siku ile ile Waziri alipotoweka, ilhali serikali ilitangaza kuupata tarehe 16. Kitabu kinachoziruka siku tatu hizo na kukimbilia jina la mshukiwa ni kitabu kibaya, hata kama jina hilo lingekuwa sahihi. Kitabu kinachotulia hapo, kikauliza ni nani wengine walijua, kwa nini wanakijiji walinyamaza, na ni nani angeweza kufika pale kilimani kabla ya polisi, kimemsaidia msomaji kupima hata bila kumtaja mtu. Nakubaliana na wakili kwamba kitabu si mahakama, na ndiyo maana nasema msomaji akisome kama hakimu anayeanza kusikiliza kesi, si kama anayekaribia kutoa hukumu.

Lakini siwezi kukubali kwamba Anguka anaumizwa na vitabu peke yake. Kilichomwacha katika hali hiyo ni kwamba serikali ilimshtaki, ikashindwa kuthibitisha, kisha haikumtafuta mwingine, hivyo shaka yote ikabaki mlangoni kwake. Kitabu chake ndiko alikoweza kujieleza kwa kirefu. Tukivitisha vitabu tutamnyamazisha anayetuhumu na aliyetuhumiwa kwa pamoja. Vivyo hivyo Kisilu Mutua: makosa katika kesi ya aina hiyo hayafichuliwi na mahakama iliyoyafanya, bali na watu wa nje wanaoendelea kuuliza.

Napendekeza mambo mawili, na namwomba wakili ayapime kwa jicho la sheria. La kwanza ni mafaili. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na tangu 2016 tunayo Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Kumbukumbu zote za ushahidi mbele ya tume ya Gicheru, pamoja na viambatisho vyake, ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Maseno anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa ya mkubwa yeyote. Mwandishi anayebuni atakuwa wa kwanza kuumbuka, kwa kuwa msomaji atalinganisha mwenyewe.

La pili ni duka. Uingereza, ambako tuliitoa sheria yetu ya kashfa, ilikwisha kuirekebisha yake: kwa sheria yake ya mwaka 2013, mtu asiye mwandishi, mhariri wala mchapishaji hashtakiwi isipokuwa pale ambapo haiwezekani kwa kawaida kumshtaki mmoja wa hao. Sisi tumebaki na vazi ambalo mwenyewe amekwisha kulivua. Kenya ikitunga kifungu kama hicho, barua iliyofika dukani kwa ndugu yetu ingepaswa kupelekwa kwa mwandishi na mchapishaji, na kitabu kingekaa kwenye rafu mpaka jaji aseme vingine. Wakili ametaja kinga ya muuzaji asiyejua. Naomba arudi atueleze kinga hiyo inabaki na nguvu gani siku moja baada ya barua kupokelewa na kutiwa sahihi.