Tupeane uzoefu: uliwekaje sura za wachezaji wetu kwenye Football Manager?

Mkaazi wa Umoja

Wadau, hamjambo. Hili jambo nimekaa nalo tangu CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Tarehe 10 Agosti 2025 nilikuwa uwanja wa Kasarani hapa Nairobi, Ryan Ogam wa Kenya alipowafunga Morocco lile bao moja, na kipindi cha pili chote tukalilinda tukiwa kumi uwanjani. Nilirudi nyumbani sauti imekauka. Usiku huohuo nikawasha laptopu, nikafungua Football Manager 2024 (FM), ile gemu ya kuwa kocha wa timu ya soka, nifundishe timu ya nyumbani. Kikosi kikajipanga mbele yangu: kivuli cha kijivu, kivuli cha kijivu, kivuli cha kijivu. Kichwa na mabega, macho hakuna. Nikafungua timu moja ya Ujerumani, hata kipa wa tatu anatabasamu.

Sababu ninaijua. Picha rasmi huja pale palipo na leseni, na ligi yetu haimo hata kwenye orodha ya ligi za kuchezwa. Ukiitaka sharti uiongeze kwa faili za edita, yaani programu ya kubadilisha data ya gemu. Wakubwa nao hubanwa: kuanzia toleo la 2022 mpaka hili la 2024, Manchester United iliandikwa Man UFC kwa sababu ya mvutano wa jina. Lakini kujua sababu hakuondoi uchungu. Vijana walionitoa machozi Kasarani wanastahili kuwa na uso.

Nikaamua kuziweka mwenyewe. Kwa wageni, kazi iko hivi. Ndani ya Documents kuna folda ya Sports Interactive, ndani yake ya Football Manager 2024. Humo unatengeneza folda iitwayo graphics, na ndani yake faces. Kila mtu kwenye gemu ana namba yake ya kipekee. Picha unaipa jina la namba hiyo, unaihifadhi kama PNG (aina ya faili ya picha) iliyoondolewa mandhari ya nyuma, kisha faili ya config.xml inaiambia gemu kwamba namba hii sura yake ni hii. Mstari mmoja kwa kila mchezaji. Mwisho unaingia kwenye mipangilio, unaondoa tiki ya kache (kumbukumbu ya muda ya gemu), unapakia upya skini, yaani mwonekano wa gemu.

Wa kwanza alinichukua saa tatu. Skini ilipomaliza kupakia, kijana akawa ananitazama. Nilimwita mama watoto kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi, akasimama pale akimwangalia na mimi.

Nyinyi je? Mlianzia wapi, mlikwama wapi, na nani alikuwa wa kwanza kumpa sura?

Fundi wa Luthuli

Asante kwa kuanzisha, kaka. Mimi natengeneza kompyuta hapa Luthuli Avenue mwaka wa tisa, na bado hili lilinilaza macho siku tatu.

Picha nilikata vizuri. Namba nilinakili sawasawa. Folda zote mahali pake. Kila nikipakia skini upya, vivuli. Nikarudia kukata picha, nikadhani ni ukubwa. Nikaifuta gemu, nikaiweka tena. Vivuli. Siku ya tatu nikasogeza kishale juu ya ile faili nikaona kompyuta inasema ni hati ya maandishi ya kawaida. Kumbe niliiandika kwa Notepad, na Windows ikaibandika mkia: jina halisi lilikuwa config.xml.txt, ila ule mkia umefichwa usiuone. Gemu ilikuwa inatafuta faili ambayo haipo. Kwenye dirisha la mafaili, washa kwanza ule mpangilio wa kuonyesha mikia ya majina. Ndipo uanze kazi.

Kosa la pili ni la wanaonakili mstari kutoka kwenye ujumbe wa simu. Simu hupenda kuzipinda alama za nukuu, na ikiwa hata moja imepinda, faili nzima haisomeki. Zinatakiwa zisimame wima, hivi (namba ni ya mfano tu):

`<record from="12345678" to="graphics/pictures/person/12345678/portrait"/>`

Sehemu ya kwanza ni jina la picha yako bila .png. Ya pili ni mtu aliye ndani ya gemu. Ukikosea tarakimu moja, sura ya mshambuliaji wako itaibukia kwa mtu usiyemjua kabisa.

Wa Kayole

Mimi sikukata hata moja, nilipakua fungu zima la sura lililokusanywa na mashabiki. Ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo nikangoja bando ya usiku. Asilimia tisini na kitu, stima ikapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani nikiisikiliza feni ya laptopu ikizima. Siku hizi nakwenda kwa rafiki mwenye waya wa intaneti na flashi yangu. Na muifungue faili kwenye diski yenye nafasi: picha ni ndogondogo lakini ni maelfu kwa maelfu, diski nzee inachoka.

Kocha wa Kariobangi

Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 kwenye uwanja wa mtaani. Jioni mvua ikitufukuza tunaingia kwa banda langu, tunacheza FM pamoja, kila mmoja anatoa shauri. Mwaka jana mmoja akaniuliza, "Kocha, na sisi tunaweza kuingia?"

Nikaongea na wazazi kwanza, mmoja baada ya mwingine. Ni watoto, na picha zenyewe hazijatoka kwenye kompyuta yangu mpaka leo. Walipokubali, tukatundika shuka jeupe kwenye mlingoti wa goli. Hapo nilijifunza mambo. Saa nane mchana jua linawapiga utosini, macho yanazama kwenye kivuli cha paji; saa tatu asubuhi ndiyo saa yake. Simu iwe usawa wa pua, isiwe juu. Na msiwapige picha mbele ya ukuta mweusi: ile programu ya kukata mandhari ilishindwa kujua nywele zinaishia wapi, ikamla kijana wangu wa namba sita sikio zima. Kwenye shuka jeupe ilikata bila shida.

Sura hizo nikawapa chipukizi wanaozaliwa na gemu yenyewe, wale wa akademia, na majina nikayabadilisha kwa edita ya ndani. Angalieni jambo moja: namba za chipukizi kwenye matoleo haya hutanguliwa na herufi r na kistari. Ukiiacha r, picha haishiki. Na ukianza mchezo mpya kabisa, chipukizi ni wengine, kwa hiyo ile config ya zamani iondoe, la sivyo sura inaweza kumwangukia mtu baki.

Sasa lililonigusa. Nilipata ofa nzuri kwa winga, nikamuuza bila kufikiri, timu ilikuwa na madeni. Jumamosi vijana wakaingia, wakatafuta sura zao. Mwenye sura ile akatafuta juu, akatafuta chini. Akanigeukia polepole. "Kocha, umeniuza?" Nilikosa la kusema. Nilimweleza habari za madeni, akatikisa kichwa kama mtu mzima, lakini mazoezini siku hiyo hakukimbia kama kawaida yake. Nilifungua hifadhi ya juma lililopita, nikaikataa ile ofa. Madeni tutalipa kwa njia nyingine.

Mkaazi wa Umoja

Kocha, hapo umenishika pabaya. Huyo winga asiuzwe tena.

Binti wa South B

Shikamooni wakubwa, na wenzangu salamu. Yangu ni ya baba. Yeye ni shabiki wa Gor Mahia, K'Ogalo wa damu, na mwaka 1987 walipochukua Kombe la Washindi Afrika alikuwemo uwanjani kwenye ile sare ya 1-1 na Esperance hapa Nairobi, baada ya 2-2 kule Tunis. Miguu sasa inamsumbua, haendi uwanjani. Nikaamua kumletea kikosi kile nyumbani. Wachezaji niliwaunda kwa edita kabla ya kuanza mchezo, nikampa kila mmoja namba, kisha nikaanza kusaka sura.

Gazeti la zamani ukilikuza linageuka nukta tupu. Niliacha kulazimisha, picha ndogo niliiweka katikati ya mraba wa pikseli 250 kwa 250 nikaiacha iwe ndogo, inaonekana vizuri kuliko ile iliyovutwa. Nyingine nilizitoa kwenye albamu ya baba mwenyewe, nikizipiga kwa simu kando ya dirisha, na karatasi ya plastiki nimeifunua ili ising'ae.

Nilipomwonyesha, alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akanyoosha kidole. "Hawa wawili umewabadilisha. Huyu ndiye mwenye masharubu." Alikuwa sahihi, nilikuwa nimepishanisha mistari miwili kwenye config. Nikarekebisha pale pale akiangalia, nikapakia skini, akacheka kwa sauti.

Amebaki beki mmoja, bado ni kivuli. Kama kuna mwenye picha za kikosi kile nyumbani kwao, hata ya kundi, hata iliyochanika, naomba tuwasiliane. Baba anamuulizia kila Jumapili.