Kuburuta Jeep nyuma ya gari-nyumba: breki ya boksi au ya kufungwa kabisa?

Mgeni wa Dallas
Wakuu, habari za jioni. Tumenunua gari-nyumba la mtumba, la petroli, chasi ya Ford F53, futi 32. Mwezi wa saba tunapanda nalo Colorado na watoto, nyuma tunaburuta Jeep Wrangler ya milango minne ikitembea kwa matairi yake yenyewe, bila tela. Jeep ni ratili 4,200 hivi, karibu kilo 1,900. Aliyetuuzia katuachia mkono wa kuvutia, yaani chuma cha kuunganisha Jeep na gari-nyumba, na boksi lake kuukuu, lile linalokaa ndani ya Jeep na kuikanyagia breki. Fundi anataka anifungie mfumo wa breki wa kudumu ndani ya Jeep. Shemeji yangu anasema yote hayo ni kutupa hela, gari-nyumba lina breki za kutosha. Mnasemaje?

Utingo Mstaafu
Shemeji yako msalimie, ila ushauri wake uache hapo hapo. Breki hizo zimepigiwa hesabu ya uzito wa gari-nyumba lenyewe likiwa limesheheni, Jeep haimo. Na sheria ipo: majimbo mengi yanadai kinachovutwa kiwe na breki zake kikizidi ratili 3,000, mengine yanaanzia chini ya hapo.

Mimi lori nilianzia Mombasa–Malaba. Pale Salgaa nimewaona wanaoteremka na nyutro ili kubana mafuta, na nimeona walikoishia. Sasa niko huku. Barabara ya I-70 ya huko Colorado, ukitoka handaki la Eisenhower uko futi zaidi ya 11,000, halafu unashuka kwenda Silverthorne mteremko wa asilimia 7. Zile njia za changarawe pembeni, za kunasa magari yaliyoishiwa breki, hazikuwekwa kwa urembo.

Ungekuwa na la dizeli lenye breki za upepo ningekwambia funga kwenye Jeep mfumo uitwao Air Force One, mjadala umekwisha. Inafuata upepo wa breki za gari-nyumba: ukikanyaga kidogo nayo inakanyaga kidogo, ukizama nayo inazama, kama tela la semi. Ila F53 ni breki za mafuta. Hiyo ifute.

Baba Boksi
Miaka mitano natumia boksi. Uzuri wake ni kwamba linahama: nilikuwa na Honda CR-V ya 2014, sasa nina Jeep, sikulipa fundi hata senti. Ila kila asubuhi kuna ibada yake. Kwanza unakanyaga pedali mara nne tano injini ikiwa imezimwa, mpaka vakyumu, ule mvuto wa hewa unaolainisha pedali, iishe na pedali iwe ngumu. Unaliweka sakafuni kwa dereva, unasogeza kiti kulibana, mkono wake unashika pedali, unachomeka waya, unajaribu.

Nikiwa New Mexico nilikuwa na haraka, nikakibana kiti kupita kiasi. Pedali ikabaki imekanyagwa kidogo tu, na mimi huko mbele sisikii chochote. Maili 40 baadaye dereva wa lori ananimulikia taa. Magurudumu ya mbele yanafuka moshi! Diski na pedi zote nilibadilisha. Boksi halikuwa na kosa, kosa langu.

Mama Zawadi
Pole kaka. Hicho ndicho kilinifanya nifunge ya kudumu, Stay-IN-Play Duo. Ina pampu yake ya vakyumu, kwa hiyo busta, kile kisaidizi cha breki, inafanya kazi kana kwamba injini inaunguruma, na hakuna kitu miguuni kwa dereva. Nilichoipendea: inasubiri mambo mawili, taa za breki za gari-nyumba ziwake na yenyewe isikie mwendo unapungua. Nikishuka mlima kwa gia bila kugusa pedali, inatulia, pedi hazipikwi.

Ubaya nao upo. Fundi alikaa nayo siku nzima na bili yake ilinitoa jasho. Ukiuza Jeep, unalipa tena kung'oa na kufunga. Na inakula betri ya Jeep, kwa hiyo mwambie fundi apitishe waya wa chaji kutoka gari-nyumba. Mimi sikumwambia, tukafika kambini Jeep haiwaki.

Jirani wa Minneapolis
Mbona hamjataja ReadyBrute? Breki imo kwenye mkono wenyewe: Jeep ikisukuma kwa mbele, kebo ya chuma inavuta pedali. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Kwa mtu wa bajeti hiyo ndiyo.

Mama Zawadi
Kwa mkono mpya sawa. Huyu ameshaachiwa mkono, atanunua wa pili wa nini?

Mgeni wa Dallas
Jeep hatuiuzi leo wala kesho, mke wangu hataki kusikia. Na nikijipima, mimi si mtu wa ibada ya kila asubuhi. Nafunga ya kudumu kama ya Mama Zawadi. Mwezi huu, kabla fundi hajanipa nafasi, nitasogea ziwani kwa boksi hili hili, maili 60, barabara tambarare.

Utingo Mstaafu
Sawa, lakini kabla ya ziwani tazama kitu kimoja. Kuna kijiwaya chembamba cha dharura: Jeep ikichomoka, kinang'oa pini na breki za Jeep zinakamata zenyewe. Kimefungwa wapi upande wa mbele? Kikiwa kwenye mkono wa kuvutia, na mkono ndio uliochomoka, vitaondoka pamoja na pini itabaki mahali pake. Lazima kishike gari-nyumba lenyewe.

Mgeni wa Dallas
Nimetoka na tochi sasa hivi. Kiko kwenye mkono, mzee wangu. Kimefungwa fundo mara tatu.