Tupeane uzoefu: kazi za wanafunzi zilizonakiliwa mtandaoni

Mwalimu wa Malindi
Wenzangu, nafundisha Kiswahili sekondari. Niliwapa kidato cha tatu insha kuhusu Mnara wa Vasco da Gama, ambao wengi wao wanaupita kila wakienda ufuoni. Nikaletewa insha zinazofanana shilingi kwa ya pili. Zote zina 1498, zote zina safari ya kwenda India, na mmoja kaniandikia "hariri | hariri chanzo" chini ya kila kichwa kidogo. Kaikwangua Wikipedia ya Kiswahili pamoja na vitufe vyake! Hakuna aliyetaja rangi ya mnara wala msalaba ulio juu yake. Imeniuma. Nyinyi mmekutana na nini, na mlifanyaje?

Kijana wa saiba, Langoni
Huku Amu (Lamu), kwenye saiba, yaani duka la intaneti, shule zikikaribia kufungwa ndiyo biashara. "Anko, nitolee kitu cha Maulidi, kurasa tatu." Hasomi, anauliza bei tu. Na Maulidi yenyewe kayacheza, kaona mashindano ya punda kwa macho yake! Siku hizi namwambia aniandikie kwanza kwa mkono, nami nitamchapia kwa bei ileile. Wengine wanakasirika wanaenda saiba ya pili. Waende.

Binti wa Shela
Mimi niko chuo, na sisi tasnifu zinapitishwa kwenye programu ya Turnitin. Wanafunzi wanaiogopa bila kuielewa. Haisemi umeiba. Inalinganisha maandishi yako na tovuti, majarida na kazi za wanafunzi wengine zilizo kwenye hifadhi yake, halafu inatoa asilimia ya yanayofanana. Hata nukuu niliyoifungia alama na kumtaja mwenyewe ilihesabiwa. Msimamizi wangu akaifungua ripoti, akaipitia mstari kwa mstari, akaniambia endelea. Mwenzangu yeye alibadilisha kila neno kwa kisawe, "mji mkongwe" ukawa "mji mzee". Asilimia ikashuka, lakini hoja zote ni za mtu mwingine na jina lake halimo. Kwangu huo ni wizi kamili, mashine iseme isiseme.

Mama Malindi
Mwalimu, samahani, nawatetea watoto kidogo. Shuleni wanapewa insha za mfano wazikariri, na anayezikariri vizuri ndiye anayesifiwa. Atajuaje mpaka uko wapi? Na tangu ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, itoke Novemba 2022 mambo yamegeuka, kwa sababu hakuna tena ukurasa wa kuufananisha. Mwanangu alileta insha safi, haina kosa, ndani yake mna "methali ya Waswahili". Bibi yake, mzaliwa wa hapahapa, akaisoma mara mbili akauliza, "Hii ya wapi, mwanangu?" Tukaitafuta kwenye kamusi ya methali, haipo. Akili bandia imeitunga. Kuanzia hapo kila insha anamsomea bibi yake kwanza, na bibi anauliza maswali. Asiyeandika mwenyewe hawezi kuyajibu.

Ustadh wa Mkomani
Assalam aleikum. Mimi natunga mashairi, na naona dawa tunayo wenyewe. Kuna takhmisi: unachukua mishororo miwili ya mtunzi aliyekutangulia, unaongeza mitatu yako, ubeti unakuwa na mitano. Kila msikilizaji anajua miwili ni ya nani. Ukiificha asili yake umejidhalilisha, na mitatu yako ikiwa dhaifu inaonekana papo hapo, maana imekaa ubavuni mwa ile mizuri. Watunzi wa tenzi nao walikuwa wakiweka majina yao katika beti za mwisho, wengine na tarehe. Vijana wangu wa madrasa nimewazoesha hivyo, na wakiandika nathari wanasema wenyewe, "hapa nimechukua kwa fulani". Kuchukua si aibu. Kosa ni kulifuta jina.

Mwalimu wa Malindi
Aleikum salaam Ustadh, na shukran. Mama Malindi, la kukariri nimelipokea, na nitalipeleka kwenye kikao cha idara. Ustadh, nitumie mishororo miwili ambayo kidato cha tatu wataiweza, wiki ijayo naiingiza darasani. Binti wa Shela, unaweza kuniandikia kwa ufupi jinsi mlivyofundishwa kutaja chanzo? Nataka waanze kabla hawajafika huko chuoni.