Nataka kuunda greda ya kufunga nyuma ya trekta dogo, mafundi na waendesha mitambo naombeni ushauri

Mlimaparachichi
Wakuu salaam. Nipo Njombe, upande wa Lupembe. Kutoka barabara kuu mpaka shambani ni kilomita 3 na nusu za udongo mwekundu, njia tuliyoichonga wenyewe majirani 9 kupitia mashamba yetu. Mvua ikianza Novemba inakuwa sabuni. Kiangazi yanabaki makorongo ya matairi yaliyokauka kama zege. Msimu uliopita gari la mzigo liligoma kushuka, tukasomba kreti za parachichi kwa bodaboda, na mnunuzi akakataa zilizochubuka. Sikumlaumu.

Greda ya kukodi inaletwa kwa lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), na mwenyewe anataka alipwe siku nzima hata kama kazi ni ya saa 3. Mimi nina Kubota ya farasi 30, ya mtumba, inafanya kazi vizuri. Nimeona pleti ya mm 8 kwa muuza vyuma chakavu. Wazo langu ni kisu cha upana wa mita 1.8, nikikunje kidogo, nikifunge kwenye mikono ya haidroliki nyuma, basi. Fundi wangu anasema siku 2 kimekwisha. Kuna ninachokosea? Nawasilisha.

Kijana wa Makete
Kosa la kwanza ni kumwamini fundi anayesema siku 2. 😂

Fundi Gesi
Mkuu, pleti ya mm 8 inatosha kwa mgongo wa kisu, lakini isiguse ardhi. Ukiiacha isage changarawe yenyewe, mwaka hauishi imeliwa. Tafuta makali yaliyotumika ya greda kubwa, yale yanayofungwa kwa bolti chini ya kisu. Wakandarasi wa barabara wanayavua yakibaki nusu na kuyatupa yadi. Kwa greda ni taka, kwa trekta la farasi 30 hutayamaliza leo wala kesho.

Ila usiyachomelee. Kile chuma kina kaboni nyingi. Fundi akikipiga rodi ya kawaida kikiwa baridi, pembeni ya mshono panakuwa pagumu kama kioo, unagonga jiwe la kwanza panapasuka. Toboa pleti yako kufuata matundu yaliyopo, funga bolti za shingo ya mraba kama za plau. Kichwa kinazama, hakikwami kwenye udongo. Kama lazima uchomelee kitu pale, pasha moto kwanza, tumia rodi ya kuchomelea aina ya 7018 iliyo kavu, kisha fukia kwenye majivu ipoe taratibu. Tena nasema, bolti.

Uzito usikutishe. Pleti hiyo ya mita 1.8 kwa sentimita 45 ni kilo 51 hivi. Ukiongeza makali na fremu ya chaneli (chuma chenye umbo la U) unafika 200, na unauhitaji. Kisu chepesi kinateleza juu ya udongo mkavu kama kijiko kwenye sufuria ya ukoko.

Opareta Mzee
Nimekaa kwenye greda miaka mingi, sasa nafuga nyuki. Fundi Gesi amesema vizuri kuhusu chuma, lakini tatizo lako kubwa siyo chuma. Ni mahali kisu kinapokaa.

Jiulize kwa nini greda ina shingo ndefu vile na kisu kiko katikati. Magurudumu ya mbele yakipanda tuta, kisu kinapanda kidogo tu, kwa hiyo kinakata kichwa cha tuta na kumwaga kwenye shimo. Sasa chukua trekta lako. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6, na kisu kinaning'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli. Tairi za mbele zikipanda sentimita 10, kisu kinashuka 7 na nusu. Unachimba shimo. Sogea mbele kidogo, tairi za nyuma zipande tuta lilelile na za mbele zimeshashuka, kisu kinaruka sentimita 17 na nusu. Unaacha tuta kubwa kuliko ulilolikuta. Ukirudia mara 3 una mawimbi ya ziwa.

Watu wanakaa juu ya kiti wanachezea wenzo wa haidroliki kufukuzana na hayo mawimbi. Huwezi kushinda, mkono unachelewa.

Dawa yake ni magurudumu ya nyuma. Toa boriti moja kutoka kwenye fremu, irefushe mita 1.2 hadi 1.5 nyuma ya kisu, weka magurudumu 2 mwishoni. Halafu mkono wa juu wa trekta, toplinki, usiufunge kaza. Weka mnyororo badala yake, au toboa tundu refu ili pini icheze. Hapo fremu inabebwa na mikono miwili ya chini kwa mbele na magurudumu kwa nyuma, kisu kiko katikati. Umepata shingo ya greda kwa bei ya habu 2 (vitovu vya magurudumu) za gari bovu.

Mlimaparachichi
Mzee hesabu hiyo imenikosesha usingizi. Nilishaenda kununua pleti. Swali: nikishafunga mnyororo, nikitaka kunyanyua kugeuza itakuwaje?

Opareta Mzee
Mnyororo unakaza wakati wa kunyanyua, unalegea wakati wa kazi. Upime urefu wake ukiwa umeshusha kisu chini, kisha acha ulegevu wa kiganja kimoja. Lakini angalia kitabu cha trekta lako linabeba kilo ngapi nyuma. Ile namba mara nyingi hupimwa sentimita 61 nyuma ya ncha za mikono. Mzigo wako umekwenda mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo uwezo unapungua. Na weka uzito mbele. Usukani ukiwa mwepesi ghafla mlimani, shusha, usibishane nao.

Wa Kinangop
Salamu kutoka Nyandarua. Hapa jirani alijengewa na fundi wa jua kali kitu tofauti: reli mbili za chaneli kama sleji, yaani kitu cha kuburuta chini, urefu wa mita 2, na visu viwili vimevuka katikati, vimeshuka sentimita 2 chini ya reli. Hakuna magurudumu, hakuna kugeuza. Reli zinalala juu ya matuta, visu vinanyoa kinachochomoza. Hata kijana asiyejua kuendesha vizuri hawezi kuharibu barabara nayo. Murram (changarawe ya barabara) inatoka laini kama meza.

Opareta Mzee
Ni kifaa kizuri, sikipingi. Lakini kinalainisha tu kilichopo. Barabara ya bwana huyu imekuwa mfereji, udongo umesukumwa pembeni na maji yanatembea katikati. Ukiilainisha ilivyo unapata mfereji laini. Yeye anahitaji kisu kinachogeuka, arudishe udongo wa kingoni katikati, apate mgongo. Akishaupata, hiyo sleji yako itamfaa kuutunza.

Kwa njia ya upana wa mita 4, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 10. Na kila mteremko toa mtaro wa pembeni uelekeze maji shambani kabla hayajapata nguvu. Hii ni kazi ya jembe na watu, trekta haliifanyi. Ukiipuuza, hata greda kubwa itakuwa inakukwangulia njia ya maji. Kama mnataka kufundishwa, kuna chuo cha ATTI pale Mbeya, kazi yao ni barabara za kutumia nguvu za watu na vifaa vidogo.

Fundi Gesi
Kwa kugeuza: pini nene ya mm 50, na pleti ya duara yenye matundu ya nyuzi 0, 15 na 30. Ukienda 30, kisu chako cha mita 1.8 kinafunika mita 1.56, bado kinafuta alama za tairi kama trekta lina upana wa 1.4. Pini ukiitoa kwenye ekseli chakavu, usiichomelee, ishike kwa kibanio. Na bolti ya kufungia nyuzi iwe dhaifu makusudi. Weka ya daraja la 4.6 (laini), siyo 8.8 (ngumu). Ukigonga kisiki ikatike yenyewe, maana isipokatika itapinda mikono ya trekta.

Kijana wa Makete
Na kama hiyo njia inatumiwa na kijiji kizima ulizia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwanza. Usije ukaambiwa umechimba barabara ya serikali.

Mlimaparachichi
Ni ya kwetu, ila nimewaambia majirani tupitie ofisi ya kijiji kabla ya kutoa mitaro. Ahsanteni.

Mlimaparachichi
Mrejesho, wiki ya 5. Fundi alisema siku 2, zimekuwa 11. (Kijana wa Makete, cheka tu.) Magurudumu ni ya Noah bovu. Makali nimepata vipande 2 yadi ya mkandarasi, nimeyaunganisha kwa bolti.

Siku ya kwanza nilikwenda udongo ukiwa mkavu, ikawa vumbi na mabonge, aibu tupu. Nikasubiri mvua ya kwanza, siku ya pili yake nikajaribu tena. Udongo ukishikana mkononi kama tonge bila kuacha tope, ndiyo wakati wake. Gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea, mara 4 kila upande, kisha nikaushindilia kwa tairi za trekta. Kilomita 1 ya juu ina mgongo. Kule bondeni bado, mitaro haijakwisha, majirani 3 hawajaonekana na majembe yao.

Tatizo moja: kona ya kulia ya kisu imeliwa haraka, ya kushoto bado mpya.

Opareta Mzee
Kwa sababu ndiyo inayotangulia kila ukiweka nyuzi 30. Siku nyingine geuza uelekeo, urudi na upande wa pili. Na hayo makali, fungua bolti uyaangalie: kama yana makali pande zote mbili, yageuze juu chini. Yametengenezwa kwa ajili hiyo.