Droni zimevizika vifaru, au tunadanganywa na video?

Kobe Chuma: Wakuu, salaam. Marekani iliipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams mwaka 2023. Aprili 2024 vikaripotiwa kuondolewa mstari wa mbele, na sababu kubwa iliyotajwa ni droni. Fikiria: chuma cha mamilioni ya dola kinakimbizwa na kidude chenye feni nne na betri, kimefungiwa kichwa cha RPG, kombora la begani, kwa tepu. Warusi nao wamevivika vyao mabati mpaka vinafanana na kobe. Swali langu ni moja tu: kifaru bado ni silaha, au kimebaki cha gwaride?

Mzee wa Mizinga: Kifaru kimeshazikwa mara nyingi. 1973 Wamisri waliviteketeza vifaru vya Israel kule Sinai kwa makombora yanayoongozwa kwa waya, wachambuzi wakasema kwisha habari yake. Haya, 1991 Iraq ilitolewa Kuwait na nini? Droni inaua, lakini haishiki ardhi. Na hao wanaozirusha ni vitoto vya gemu, wamejichimbia chini na miwani ya kuonea picha za droni usoni. Askari ni yule anayemwona adui kwa macho yake.

Uzi Mrefu: Mzee wangu, ya 1973 nakuachia. Ila "vitoto vya gemu" ufute. Huo mzinga wako unapiga kilomita 20 na zaidi. Mpigaji wako alimwona adui lini? Huyu wa miwani anamwona mtu anavyogeuka, anavyoangalia juu, anavyoinua mikono. Halafu anawindwa kuliko yeyote, maana antena yake ikishajulikana ilipo, wanaipiga hiyo nyumba mpaka ilale.

Mzee wa Mizinga: Punguza povu, kijana. Mpiga mzinga naye anarudishiwa moto, tena hana mto wa kuegemea.

Uzi Mrefu: Handakini kuna mto?

Bi Msamiati: Samahani kwa kuingilia. Hivi "droni" ni nini? Lugha tunayo: ndege isiyo na rubani.

Uzi Mrefu: Dada, tangu asubuhi tunagombana juu ya rubani aliyevaa miwani, halafu unatuambia haina rubani?

Bi Msamiati: Hayumo ndani. Kinachoangaliwa ni ndani.

Chumvi Kali: Na za majini tuziiteje? Februari 2024 Ukraine walizamisha meli ya Warusi, Ivanovets, kwa vimashua vilivyojazwa baruti, havina mtu. Ndege ya majini isiyo na rubani? Kama walivyoizamisha ile meli nyingine ya Warusi, Moskva.

Kobe Chuma: Moskva ilikuwa Aprili 2022, makombora ya Neptune. Usitupige kamba.

Chumvi Kali: Mimi nilisikia droni.

Kobe Chuma: Ulisikia.

Chumvi Kali: Kuna wanaoziita ndege nyuki, nami hapo huwa nacheka. Neno lenyewe la Kiingereza maana yake ni dume la nyuki, na dume la nyuki halina mwiba.

Bi Msamiati: Ndiyo maana nikasema ndege isiyo na rubani.

Fundi Antena: Mnabishania jina, vita yenyewe iko kwenye mawimbi. Hiyo droni ina redio mbili, moja ya kupokea amri na moja ya kutuma picha. Akiwepo mtu karibu anayemwaga kelele kwenye masafa hayohayo, picha inakuwa chenga na kidude kinaangukia popote. Hata mizinga haikupona: risasi za Excalibur zinazofuata GPS zilipoteza shabaha vibaya kule Ukraine baada ya Warusi kuvuruga mawimbi. Dawa iliyopatikana, hasa tangu 2024, ni uzi wa faiba. Droni inabeba bobini, uzi unafunguka nyuma kama wa cherehani, kilomita 10 na zaidi. Huwezi kuvuruga uzi. Kuna maeneo ya mapambano jua likipiga nyasi zinameta, utadhani buibui wamekesha.

Mzee wa Mizinga: Ahaa! Waya! Si nilisema 1973 walikuwa na waya?

Fundi Antena: Mzee, ule ulikuwa wa kilomita 3, na aliyeushika alikuwa analiona lengo. Huu unapita nyuma ya kilima.

Uzi Mrefu: Na bado anasema si askari. Juni 1, 2025 Ukraine walificha droni kwenye malori ndani kabisa ya Urusi, wao wenyewe wanasema 117, zikachoma ndege kubwa za mabomu mpaka Siberia. Kifaru gani kingefika huko?

Mzee wa Mizinga: Na malori yalijiendesha?

Chumvi Kali: Lori lisilo na rubani.

Uzi Mrefu: Mzee, unakwepa. Shahed moja, droni ya Kiirani wanayoirusha Warusi, inakadiriwa makumi ya maelfu ya dola. Kombora la Patriot la kuitungua ni mamilioni. Hapo anayefilisika nani?

Mzee wa Mizinga: Nani kasema itunguliwe kwa Patriot? Bunduki kubwa juu ya gari zinazitungua kila usiku. Na anayeishika hiyo bunduki ni askari, yuko nje, baridi inampiga.

Uzi Mrefu: Sasa ushujaa ni kupigwa na baridi?

Kobe Chuma: Jamani. Kifaru.

Fundi Antena: Kifaru kipo, ila kinajificha kilomita kadhaa nyuma kinapiga kama mzinga.

Mzee wa Mizinga: Basi si kifaru tena, ni mzinga. Karibu kwetu.

Bi Msamiati: Kobe Chuma, naomba kichwa cha mada kirekebishwe.

Kobe Chuma: Nikijibiwa la kifaru nitakirekebisha.